Nikigeuza panga digrii 2, ufanisi unaruka: kuandika wavu wa turbaini kwa Python

Swali: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Fort Portal. Ninasanifu turbaini ndogo ya mapanga 4 kwa ajili ya mfereji wenye mporomoko wa mita 3. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 30, kitovu sentimita 12, na linazunguka mara 1,000 kwa dakika. Panga nimelichora kwenye programu ya usanifu, nikalipeleka Gmsh, programu ya kutengeneza wavu (yaani kuigawa nafasi ya maji katika vijichumba viitwavyo seli), nafasi hiyo ikajazwa seli za piramidi za nyuso nne, kisha nikakokotoa mtiririko wa maji kwa OpenFOAM kwenye laptopu yangu ya gigabaiti 16. Nikigeuza panga kwa digrii 2 tu, wavu mara nyingine unagoma kabisa, na ukikubali, ufanisi unapanda na kushuka bila mpango. Siyaamini tena matokeo. Nimeambiwa niandike wavu mwenyewe kwa lugha ya programu ya Python. Nianzie wapi?

Jibu: Salamu zimefika, ndugu mhandisi. Umefanya vyema kuyatilia shaka matokeo hayo kabla ya kukata chuma.

Kinachoruka hapo ni wavu. Gmsh inapojaza nafasi kwa piramidi, hupanga nodi, yaani nukta za kona za seli, upya kila umbo linapobadilika, hata likibadilika kidogo. Panga ulilolaza digrii 70 na lile la digrii 72 kwako ni panga moja lililogeuzwa, lakini kwa programu ni kazi mbili tofauti: idadi ya seli inabadilika, mahali pa seli kubwa na ndogo panabadilika, na kosa la hesabu linabadilika pamoja nazo. Tuseme kila wavu unakosea ufanisi kwa asilimia 2, mara juu, mara chini, na wewe unatafuta tofauti ya asilimia 1. Hutaiona hata ukikokotoa mwaka mzima.

Dawa ni kuwa na wavu usiobadili mpangilio. Nodi namba 4,317 ikiwa iko mbele kidogo ya ukingo wa mbele wa panga, katikati ya urefu wake, ibaki hapohapo kwa kila panga utakalojaribu. Umbo linyooke au lipinde, lakini majirani wa kila nodi wawe walewale. Kosa la hesabu halitaisha, ila litakuwa karibu sawa kwa mapanga yote, na ukitoa matokeo ya moja kwenye ya jingine, sehemu kubwa ya kosa hilo inafutika. Faida ya kuandika wavu kwa Python ni hiyo. Kasi na uzuri wa picha vinakuja baadaye.

Sasa tulitazame panga lako, kwa sababu namba zake ndizo zitakazotuchagulia aina ya wavu. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, ncha ya panga, yenye nusu kipenyo cha sentimita 15, inakwenda kwa mita 15.7 kwa sekunde. Nikikadiria maji yanapita kwa mita 4 kwa sekunde kufuata mhimili, maji yanaiona ncha kwa takriban mita 16 kwa sekunde, yakija kwa pembe ya digrii 75 hivi kutoka kwenye mhimili. Kwenye kitovu mambo ni mengine kabisa: kasi ya panga ni mita 6.3 tu, na panga limesimama zaidi. Kwa hiyo panga moja linajipinda sana kutoka kitovuni hadi nchani. Turbaini za aina ya Kaplan za bwawa la Nalubaale pale Jinja, zilizoanza kazi mwaka 1954, na zile za Bujagali zina tabia hiyohiyo, ila zenyewe zinaweza kugeuza mapanga zikiwa kazini na lako limefungwa.

Wengi huanza na wavu rahisi: mistari ya kwanza inafuata panga kutoka mbele kwenda nyuma, ya pili inavuka kutoka panga hadi panga kufuata mzunguko. Ni rahisi kuandika, na kwenye kitovu unakubalika. Lakini nchani panga limelala digrii 75, hivyo mistari hiyo miwili inakutana kwa digrii 15. Seli zinakuwa kama karata zilizosukumwa upande. Hakuna ulainishaji utakaoziokoa, kwa sababu ulalo huo unatoka kwenye panga lenyewe. Nimeona vijana wengi wakipoteza wiki hapo, wakiongeza seli wakidhani wingi utasaidia.

Kwa hiyo zungushia panga wavu wa duara, ule unaofuata ngozi ya panga kama gome linavyozunguka mti. Kila mstari unatoka kwenye ngozi kwa pembe mraba, panga lilale lisilale. Nje ya duara hilo weka vipande vya kawaida vya pande nne: kimoja mbele, kimoja nyuma, kimoja mgongoni, kimoja tumboni. Ulalo unaobaki unasukumwa kwenye vipande vya nje, mbali na ngozi, ambako maji hayabadiliki ghafla.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, chora vipande hivyo kwa kalamu kwenye karatasi. Andika kila kona namba, na kila upande idadi ya seli. Upande wa kipande kimoja ukigusana na upande wa kingine, idadi lazima ilingane. Hesabu hiyo ukiikosea kwenye karatasi utaisahihisha kwa dakika 5, ukiikosea kwenye Python itakula siku nzima.

Pande tatu usizihangaikie kwa pamoja. Kata nafasi kwa mitungi inayozunguka mhimili mmoja, uso wa kila mtungi ukunjue uwe bapa, chora wavu hapo, kisha ukunje tena. Kwa kukunjua, usitumie umbali wa kawaida. Tumia m′, yaani umbali wa kufuata maji unaojumlishwa kipande kwa kipande njia nzima, kila kipande kikigawanywa kwa nusu kipenyo cha mahali pake, ukiambatana na pembe ya mzunguko θ. Kwenye mtungi kama wako, m′ ni z (umbali kufuata mhimili) iliyogawanywa kwa r (nusu kipenyo), basi. Uzuri wake ni kwamba pembe hazibadiliki: panga lililolala digrii 75 kwenye chuma linalala digrii 75 kwenye karatasi, na seli iliyo mraba kwenye karatasi inabaki mraba kwenye maji. Siku utakapohamia kwenye turbaini za Francis, kama zile 6 za megawati 100 za Karuma, ambako maji yanaingia kwa ubavu na kutoka kwa chini, msimbo wako hautabadilika. Utabadilisha tu namna ya kuhesabu m′.

Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza: kwenye m′ na θ umbali hauna kipimo. Ukitaka tabaka la kwanza la seli kwenye ngozi ya panga liwe na unene uleule kitovuni na nchani, unene huo lazima ugawanywe kwa r ya kila mtungi. Ukisahau, nchani utapata tabaka nene mara 2.5 kuliko kitovuni, na hutapewa onyo lolote. Wa pili: r inapokaribia sifuri, m′ inakwenda bila mwisho. Kwa hiyo usijaribu kuipeleka njia hii hadi kwenye pua ya kitovu, pale kinapochongoka. Kata eneo la gurudumu kabla ya hapo, na bomba la kutolea maji ulitengenezee wavu wake peke yake.

Panga lenyewe lijenge kwa fomyula, usilisome kutoka kwenye faili la usanifu. Faili lile lina vipande vya nyuso vilivyounganishwa na programu, na ukigeuza digrii 2 vinaweza kuungana upya kwa namna nyingine. Chukua mstari wa kati wa panga, uongezee unene pande zote mbili. Unene wa NACA wa tarakimu nne, fomyula inayojulikana ya maumbo ya mabawa ya ndege, unatosha kabisa kuanzia. Ila angalia: kigawo cha mwisho cha fomyula hiyo kikiwa 0.1015 ukingo wa nyuma unabaki wazi, kikiwa 0.1036 unafungika. Mimi nisingeufunga. Panga hili litachongwa na fundi, labda Katwe pale Kampala au hapo ulipo, na fundi huyo hatakutengenezea ukingo wenye ukali wa wembe. Ukingo utakuwa na milimita 2 au 3. Mpe kompyuta ukingo ambao fundi ataweza kuutoa, uzungushie nusu duara, na wavu wa duara utapita hapo bila shida. Nodi zisambaze kwa kosini, ili zibanane kwenye kingo mbili na kuachana katikati.

Unene wa tabaka la kwanza ndio swali linalokwepwa zaidi, nami nataka tukae nalo. Urefu wa panga kutoka ukingo hadi ukingo kwenye ncha nauweka sentimita 16. Namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa maji na mnato wake, inatoka karibu milioni 2.9, ukichukua mnato wa maji ya nyuzi 25. Msimbo wa kupata unene huo ni huu, `W` ikiwa kasi ya maji, `L` urefu wa panga na `nu` mnato:

```python
import numpy as np

def tabaka_la_kwanza(W, L, yplus, nu=0.9e-6):
    Re = W * L / nu
    Cf = 0.026 / Re**(1/7)
    kasi_ya_msuguano = W * np.sqrt(Cf / 2)
    return 2 * yplus * nu / kasi_ya_msuguano
```

Namba 2 iko pale kwa sababu OpenFOAM hupima umbali kutoka ukutani hadi katikati ya seli, na wewe unachora seli nzima. Kipimo chenyewe huitwa y+, yaani umbali huo kutoka ukutani ukilinganishwa na mnato na msuguano wa maji. Ukitaka y+ ya 1, seli ya kwanza itakuwa na unene wa mikromita 2.8. Tabaka la mpaka, yaani maji yanayopunguzwa kasi na ngozi, mwishoni mwa panga lina takriban milimita 3. Kulijaza kwa seli zinazokua kwa 1.2 kila hatua unahitaji matabaka 30. Ukikubali y+ ya 40 na kutumia kanuni za ukutani, yaani fomyula zinazokadiria kasi ya maji karibu na ngozi badala ya kuikokotoa, seli ya kwanza ni milimita 0.11, na matabaka 10 yanatosha.

Kwa laptopu yako, na kwa swali lako la kulinganisha mapanga, chagua kanuni za ukutani. Najua kuna watakaokuambia y+ ya 1 ndiyo ya kweli. Ni kweli pale maji yanapoachana na panga na wewe unataka kujua yanaachana wapi. Lakini kwa kuchagua pembe ya panga kwenye mporomoko wa mita 3, seli za mikromita 2.8 zitakuletea seli nyembamba kama karatasi na hesabu itakayojikongoja.

Matabaka ya duara yanatoka hivi, `panga` ikiwa nodi za ngozi, `wima` ikiwa mishale ya urefu 1 inayotoka nje kwa pembe mraba, `h1` unene wa seli ya kwanza na `k` kiwango cha kukua:

```python
def matabaka(panga, wima, h1, r, k=1.2, n=10):
    i = np.arange(n + 1)
    umbali = (h1 / r) * (k**i - 1) / (k - 1)
    return panga[:, None, :] + umbali[None, :, None] * wima[:, None, :]
```

Hakuna kitanzi hata kimoja, na kila mtungi unatoka mara moja.

Vipande vya nje vijaze kwanza kwa njia ya Gordon na Hall ya mwaka 1973, inayochukua kingo nne za kipande na kuzieneza ndani. Katika Python ni mistari michache ya kuzidisha na kujumlisha. Kisha lainisha kwa milinganyo ya Winslow, mizunguko 50 au 100 inatosha. Lainisha vipande vya nje pekee. Ukiruhusu ulainishaji uingie kwenye duara, utayavuta matabaka ya ukutani kutoka kwenye ngozi, kwa sababu kazi yake ni kusawazisha, na pale hatutaki usawa.

Mipaka pacha, yaani pande mbili za njia moja ya maji kati ya panga na panga, usiihesabu mara mbili. Hesabu upande mmoja, wa pili upate kwa kuongeza θ ya 2π/4:

```python
juu = chini + np.array([0.0, 2 * np.pi / 4])
```

Nodi za mpaka zikisogea wakati wa kulainisha, zisogee za chini, halafu za juu zinakiliwe tena. Kwa njia hiyo pande mbili zinalingana kila wakati, na OpenFOAM haitakulalamikia.

Huna haja ya kuchora mitungi 40. Chora 7, kitovu na ncha zikiwemo, kisha kila nodi ipitishie splaini, yaani mstari laini unaopita kwenye nukta zote, kutoka kitovu hadi ncha. Kwa kuwa nodi namba fulani iko mahali palepale kwenye kila mtungi, splaini inapita laini. Kumbuka tu kwamba mlango wa maji uko kwenye z moja kwa mitungi yote, kwa hiyo m′ yake inatofautiana: sentimita 20 ni 3.33 kitovuni na 1.33 nchani.

Kuunganisha vipande kunanikumbusha kosa lililoniumiza. Miaka ya nyuma niliandika kila kipande peke yake, nikaviunganisha kwa kutafuta nodi zilizo karibu na kuzifanya moja. Umbali wa kukubalika nikauweka mikromita 10, nikiona ni mdogo mno. Seli zangu za ukutani zilikuwa na mikromita 3. Nodi za matabaka ya kwanza ziligandishwa pamoja, programu ikaniambia kuna seli zenye ujazo sifuri, nami nikatumia siku tatu kuikagua fomyula ya panga ambayo haikuwa na kosa lolote. Tangu hapo siunganishi kwa umbali. Nodi za mpaka wa pamoja zinapewa namba mara moja tu, na kipande cha pili kinazitumia namba hizohizo. Ile karatasi yako yenye kona na namba ndiyo itakayokuongoza.

Kuandika faili, maktaba ya meshio inatosha: itoe katika muundo wa zamani wa Gmsh, toleo 2.2, kwa maandishi ya kawaida, kwa sababu huo ndio gmshToFoam, kigeuzi cha OpenFOAM, inausoma vizuri. Kila uso wa mpaka uupe kundi na jina: panga, kitovu, kasha, mlango, kutokea, pacha_chini, pacha_juu. Gmsh yenyewe usiitupe. Ifungue uutazame wavu kwa macho kabla ya kukokotoa, hasa pale ngozi ya panga inapokutana na kitovu.

Kabla ya kuandika faili, msimbo wako ujikague. Kwa kila seli hesabu ujazo kwenye kona zake zote 8, na mmoja ukiwa hasi msimbo usimame na useme ni kipande gani, mtungi gani. Halafu checkMesh ya OpenFOAM ikuangalizie pembe, yaani seli zimepotoka kiasi gani kutoka kwenye mraba: inaanza kulalamika nyuzi zikipita 70. Kwa turbaini yako, ukipata chini ya 65 nchani umefanya kazi nzuri. Ukipita, usiongeze seli. Rudi kwenye mipaka pacha uiache ifuate ulalo wa panga kwa kitambo mbele na nyuma, kisha ndipo igeuke polepole.

Upenyo kati ya ncha na kasha uache kwanza. Najua upo, na kwa gurudumu kama lako utakuwa karibu milimita 0.75 fundi akiwa makini. Lakini unahitaji kipande cha ziada juu ya ncha, ndani ya umbo la panga, na vipande vya humo vina kona ngumu. Pata kwanza wavu usio na upenyo unaofanya kazi kwa pembe zote. Ukiongeza upenyo baadaye ufanisi utashuka, ila mpangilio wa panga bora na panga baya hautarajiwi kugeuka sana.

Sasa ukubwa. Seli 160 kuzunguka panga kwa matabaka 10 ni 1,600. Vipande vya nje viwe 5,000 hivi. Ukizidisha kwa 40 kutoka kitovu hadi ncha unapata seli takriban 260,000 kwa njia moja ya maji. Mapanga 3 mengine huyahitaji, mipaka pacha inayabeba. Zidisha idadi kila upande kwa 1.4 unapata 710,000 hivi, zidisha tena unakaribia milioni 2. Gigabaiti 16 zinazibeba zote tatu. Nyavu hizi tatu zikokotoe kwa panga moja kabla hujagusa pembe yoyote, kisha tumia njia ya Roache ya mwaka 1994 kukadiria kosa lililobaki.

Ila hapa ndipo kanuni za ukutani zinapowanasa wengi. Ukipunguza ukubwa wa seli kwa 1.4 mara mbili, y+ inapungua karibu nusu. Ukianza na 40 utamaliza na 20, chini ya 30, mahali ambapo kanuni hizo hazifanyi kazi vizuri, na nyavu zako tatu hazitakuwa zinajibu swali moja. Anza na 80 kwenye wavu wa seli kubwa, yaani seli ya kwanza ya milimita 0.23, na ule wa seli ndogo kabisa utaangukia 41. Ndiyo maana nimeiacha `yplus` iwe kigezo kwenye ule msimbo wa kwanza.

Vigezo vyote vya panga, pembe kitovuni, pembe nchani, unene, idadi ya mapanga, viweke kwenye faili moja dogo la maandishi, na jina la kila wavu libebe vigezo vyake. Umeme ukikatika usiku hesabu ikiwa katikati, asubuhi utajua ni panga gani lilikuwa linakokotolewa na wavu wake utautoa tena kwa sekunde chache, nodi kwa nodi sawasawa na wa jana.

Anza na mtungi wa nchani peke yake, bapa, kwenye m′ na θ. Ndio mgumu kuliko yote, na ukikubali huo, ile 6 mingine itakubali. Geuza panga kutoka digrii 70 hadi 78 kwa hatua za nusu digrii, chora pembe ndogo kabisa ya seli kwa kila hatua. Mchoro ukitoka mstari laini usio na kuruka, nitumie pamoja na ile karatasi ya vipande, tuangalie kona za ukingo wa nyuma kabla hujapanda kwenye pande tatu.